Paka Watatu na Mtani Mmoja

Jumatatu, 3 Juni 1957

Baridi kali. Maji ya debe uani yamefanya ngozi ya barafu. Paka wote watatu wako salama, maana yake wote ni wagonjwa kama jana na hakuna aliyezidiwa.

Leo Baba amesema. Kumbe alikuwa akingoja nimalize shule tu. Jumatatu ijayo lori litaleta mpunga wa Ubaruku, mavuno ya kwanza, na chumba cha nyuma ya duka ni cha mpunga, si cha hospitali. Lori likishashusha litarudi tupu. Paka watapanda. Dereva atawaacha Igawa, kwenye vibanda vya chakula vya barabarani, wale makombo kama paka wengine wenye akili.

Igawa! Barabara kuu! Malori kutwa kucha! Radi ana kifafa. Honi moja tu, anaanguka hapohapo alipo, miguu imenyooka kama mbao. Na hapohapo patakuwa katikati ya barabara. Filimbi ana pumu, akipumua anapiga mluzi, na vumbi la malori litammaliza. Bwana Shauri, niliyempa jina la mkuu wetu wa wilaya, ni mzee, figo zimechoka. Anakunywa maji siku nzima na kuyatoa siku nzima. Bila sufuria yangu ya maji na sinia langu la majivu hatafika mbali.

Wote walikuwa na kazi sokoni. Walilinda maduka, panya wasile nafaka. Walipougua, wenye maduka wakawatupa jaani, nami nikawaokota mmoja mmoja nikirudi kutoka shule. Hakuna mwingine aliyewataka. Ndiyo maana ni wangu.

Nilitaka kumwambia Baba haya yote. Nikasema, "Ndiyo, Baba." Nami nina ugonjwa wangu: mbele ya watu sauti yangu inashuka tumboni na kulala.

Shangazi Bibie akaongeza lake. Akanikumbusha yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, basi nifungue mlango waende zao. Nikamjibu, kwa sauti ndogo sana, kwamba yule hakumpa paka wake chakula. Mimi nawapa supu ya usipa, wale dagaa wa ziwani. Shangazi akasema anashukuru kujua, maana wiki nzima amekuwa akijiuliza usipa wake wanakwenda wapi.

Lakini Igawa hawaendi. Nimeapa.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Baba ni mfanyabiashara, hawezi kumfukuza mfanyakazi. Basi nimwonyeshe kwamba paka wangu bado wanafanya kazi.

Nilimtega panya kwa debe. Panya mkubwa, mwenye afya kuliko sisi sote. Baba alipoingia kupima nafasi ya magunia, nikamwachia panya.

Panya alisimama katikati ya chumba. Bwana Shauri alimtazama, akaenda kunywa maji. Filimbi akapiga chafya. Panya akashtuka akarukia sinia, sinia likalia kwenye sakafu, Radi akaanguka kifafa. Kisha panya akaenda kwenye sahani ya Filimbi akala usipa wote, bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa.

Baba alitazama mpaka mwisho. Akasema ameona mfanyakazi mmoja tu humu ndani, naye ni panya. Huyo abaki.

Sikuwa na nafasi ya kuaibika. Nilimfunika Radi kwa gunia apate giza, nikasogeza kila kitu kigumu, nikakaa karibu bila kumshika mdomo. Wengi hukimbilia kumshika mdomo, nao huumwa. Alipozinduka alijikojolea kidogo, akajilamba, akaomba chakula kana kwamba hakuna lililotokea. Namheshimu kwa hilo. Mimi nikijikwaa mbele ya watu nakumbuka mwaka mzima.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata mpango wa kweli! Nashangaa sikuuona mapema, uko ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya duka letu, barazani kwake, anashona Fundi Jailos. Ni Mngoni wa Songea. Sisi ni Wahehe wa Kalenga, kule Iringa. Babu zetu na babu zake walipigana vita vikali, na waliposhindwa kumalizana wakawa watani. Kwa hiyo kila asubuhi Baba na Fundi Jailos hutukanana kabla ya chai. Baba humwambia kwamba Wangoni walikimbia kutoka mwisho wa Afrika, na wangekimbia mpaka leo kama Mhehe asingewashika shati. Fundi humjibu kwamba kwa Wahehe mbwa akipita, mtu anauliza chumvi iko wapi. Kisha wanaulizana habari za watoto.

Na sheria ya utani ni hii: mtani anaweza kuchukua kitu chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika anatozwa faini.

Sasa, Fundi ana chumba cha nyuma anachowekea mabaki ya vitambaa. Kikavu. Laini. Hakina vumbi la mpunga. Nikiingia barazani na kukiteka kwa haki ya utani, atafanya nini? Hana la kufanya!

Nilijifunza maneno nyuma ya magunia: "Wewe mkimbizi wa Kingoni, chumba chako ni nyara yetu!" Nikamkumbatia Radi ili Fundi aone anapewa paka mzuri, nikavuka barabara.

Barazani kulikuwa na wateja. Fundi akaniangalia juu ya miwani.

Nikasema, "Shikamoo, Fundi." Na nikapiga goti.

Mkasi ukamwanguka. Akawauliza wateja kama jua leo limetokea upande wake. Akasema amezaliwa, amekua, ameota mvi, na hajapata kuona Mhehe akimpigia goti Mngoni. Basi vita vimekwisha! Wahehe wamesalimu amri! Na adui akisalimu amri, watu huchukua mateka.

Akamchukua Radi mikononi mwangu, akamfunga kwa utepe mwekundu kwenye mguu wa meza ya cherehani. Akatangaza kwamba kwa kweli anamwokoa, kwa sababu Mhehe akimaliza mbwa hugeukia paka. Nikimtaka nimkomboe kwa jogoo mmoja na tusi moja la maana, na tusi litoke kinywani mwangu mwenyewe, si mwa Baba.

Nilitaka kusema, "Ni mgonjwa, Fundi." Maneno matatu tu. Sauti ikalala.

Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Nilikwenda kuteka chumba, nimeacha paka.

Alhamisi, 6 Juni

Baba alicheka mpaka akavua kofia akajifutia machozi. Akasema kilichotekwa na mtani hakimhusu tena, na lori limepunguziwa mzigo. Nikamwambia Radi ni mgonjwa. Akasema nikamweleze hivyo Fundi, kwani Fundi hang'ati.

Nimekaa dirishani mwa duka asubuhi nzima. Cherehani yenyewe haina neno. Radi haogopi kelele, anaogopa kelele ya ghafla. Lakini pasi! Fundi ana pasi ya mkaa, na akimaliza kunyoosha anaiweka juu ya tofali, chini ya meza, karibu na pale Radi anapolala. Inawaka mpaka inatoa cheche. Siku Radi atakapoanguka upande ule, ataangukia moto.

Mpango wa tatu. Niliona heri niseme na mwanamke mwenzangu. Nikapitia nyuma kwa Mama Severina, mke wa Fundi, akichambua maharagwe. Nikaanza kwa habari za asubuhi, nikaenda habari za baridi, nikaenda habari za maharagwe. Nilipokaribia habari za paka, yeye mwenyewe akasema, mwanangu, kama umekuja kwa ajili ya mateka, utani wa waume siuingilii, mimi niliolewa tu. Akanionea huruma, akanipa maharagwe ya kwenda nayo. Akaongeza kwamba paka mwenyewe hana shida, amekula vizuri na analala juu ya mguu wa Fundi.

Juu ya mguu wa Fundi! Mguu wangu ameulalia mara moja tu, na siku hiyo alikuwa amekosea.

Basi hakuna njia nyingine. Lazima nitukane. Mchana nilifanya mazoezi chumbani, na aliyekuwapo wa kutukanwa ni Bwana Shauri peke yake. Niligundua kwamba nikifumba macho, sauti inaamka. Nikafumba macho nikapaza sauti: Bwana Shauri, miguu yako kama ya korongo! Bwana Shauri, umejikojolea tena!

Askari wa boma alikuwa akipita. Alisimama dirishani na kutaka kujua ni nani humu anayemtukana Bwana Shauri wa wilaya. Shangazi Bibie akalazimika kumtoa paka nje na kumwonyesha. Askari akamzunguka paka, akamtazama masharubu, akakiri kwamba kweli wamefanana. Akaondoka akicheka.

Shangazi hakucheka. Ameniambia msichana aliyetoka shule hukaa akashona mito. Lakini mimi nimefurahi. Sauti ipo!

Ijumaa, 7 Juni

Lazima niandike yote.

Nilichagua saa ya sala ya Ijumaa. Baba yuko msikitini, duka limefungwa, barabara haina watu wengi. Nikamchukua jogoo mwekundu wa Shangazi Bibie. Sikumwomba, kwa sababu angekataa, na angekataa ningekuwa nimemkaidi. Nikamweka kwapani, nikavuka.

Kwenye kiti cha Fundi alikaa mtu aliyenipa mgongo. Amejifunga shuka mpaka kichwani kwa baridi, miguu myembamba imetokeza chini. Radi alikuwa amelala chini ya meza. Pasi iko juu ya tofali, inawaka.

Nikafumba macho. Sauti ikaamka, tena ikaamka na jamaa zake wote.

Nikamwambia kwamba babu zake walikimbia mpaka miguu ikabaki mifupa, na hiyo hapo naiona! Kwamba amejifunga shuka kwa sababu suruali aliiacha njiani akikimbia! Kwamba ni mwizi wa paka, na uso wake ni kama kikapu kilichokaliwa na mgeni mnene! Nikamaliza kwa kusema, "Leta paka wangu, mkimbizi we!"

Nikafumbua macho. Mtu alikuwa amegeuka.

Hakuwa Fundi Jailos. Alikuwa Bwana Andendekisye, Mnyakyusa, mzee wa kanisa kutoka vilima vya juu ya Ilomba, mtu ambaye hata akisema asante watoto huogopa. Alikuwa akingoja suruali yake ya Jumapili itiwe kiraka. Na kwa kuwa suruali ilikuwa kwa fundi, ni kweli kabisa kwamba hakuwa nayo.

Akasimama na shuka yake. Akasema yeye si Mngoni, hana utani na Mhehe, na tangu abatizwe hajaambiwa maneno kama haya. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Akasema atangoja msikiti utoke amwone Baba, na kutoka hapo shauri litakwenda kwa wazee, na mtu atalipa ng'ombe.

Ng'ombe! Mimi nina jogoo tu, naye si wangu!

Ndipo jogoo akachoka na mambo yetu. Akanipiga bawa usoni, akaruka mezani, akaangusha mkasi, akaangusha kopo la vifungo. Kopo likagonga pasi, pasi ikaanguka sakafuni kwa kishindo, makaa yakatawanyika.

Radi akaanguka.

Baada ya hapo sijui niliipata wapi ile sauti. Macho yalikuwa wazi. Nilipiga kelele, nyamazeni wote! Nikamwambia Bwana Andendekisye azoe makaa. Ndiyo, nilimwamuru! Naye akazoa, kwa kipande cha bati, shuka imeshikwa kwa meno. Nikakata utepe, nikamvuta Radi mbali na moto, nikanyakua nguo nyeusi ya kwanza niliyoiona nikamfunika. Fundi Jailos akatoka ndani mbio na vifungo mkononi, akataka kumshika Radi mdomo. Nikampiga kofi mkononi.

Mtumishi wa Mungu na mtani wangu wakachuchumaa, wakimtazama paka akitetemeka chini ya nguo. Fundi akauliza kwa sauti ya chini kama anakufa. Nikasema hapana, anarudi, mwacheni arudi mwenyewe. Akasema hakuna aliyemwambia kwamba mateka ni mgonjwa. Nikasema hakuniuliza.

Radi akarudi. Akajilamba. Akaangalia kama kuna chakula.

Nguo niliyomfunikia ilikuwa suruali ya Jumapili. Imelowa yote.

Bwana Andendekisye akaipokea kwa vidole viwili. Nikaona ng'ombe wa pili akija. Lakini Fundi Jailos akasimama mbele yake, akamwambia, ndugu yangu, umeiba mali yangu. Mzee akashangaa, mali gani? Fundi akasema, matusi! Yale yalikuwa yangu, nimeyasubiri tangu Jumatano, nimeyadai kwa haki ya utani, na wewe umekaa kwenye kiti changu ukayapokea yote bila hata kunibakizia moja. Yarudishe!

Watu waliokuwa wameanza kukusanyika wakaangua kicheko. Bwana Andendekisye hakucheka. Alifikiri. Akasema basi anayarudisha yote, isipokuwa lile la kikapu. Hilo atakwenda kwanza kumuuliza mkewe kama lina ukweli.

Ameenda nyumbani na shuka. Suruali nimechukua mimi, kufua.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefua suruali kwa sabuni, kwa majivu, kwa sabuni tena. Imetakata. Harufu haijaondoka yote. Nimeianika mbali na nyumba.

Shangazi Bibie ameuliza jogoo wake yuko wapi. Nimemwambia amekwenda vitani. Akauliza atarudi lini. Nikamwambia Mama Severina amemweka kwenye sufuria. Shangazi ameacha kusema nami, na kwa Shangazi hiyo ni adhabu kubwa, lakini yake mwenyewe.

Asubuhi Fundi Jailos aliniita. Nilikwenda na moyo mkononi, kwani nilijua atamkataa Radi au atanikataa mimi. Ameondoa pasi chini ya meza, ameitengenezea rafu ya juu. Akasema hakulala. Kila akifumba macho aliona makaa. Akanipeleka kwenye chumba cha vitambaa. Amesafisha pembe nzima! Akasema paka wote watatu wakae humo mpaka mpunga wa Baba uuzwe, lakini si bure. Kila asubuhi nije nimtukane, yeye mwenyewe, macho wazi, bila shikamoo. Atakayekaa kwenye kiti chake tena atamfunga utepe mwekundu ili nisikosee.

Nimehamisha sufuria, sinia na gunia. Filimbi amelala juu ya mabaki ya kanzu na mluzi umepungua. Bwana Shauri amekojolea hariri.

Tusi la kwanza nimelitoa leo, macho wazi. Lilikuwa dogo. Nilimwambia mishono yake imepinda. Fundi akakasirika kweli, kwa sababu hilo halikuwa utani, lilikuwa kweli. Nimejifunza jambo kubwa: kabla ya kutukana, mtu afikiri, na amjue vizuri anayemtukana.

Jumatatu, 10 Juni

Lori limefika. Magunia yamejaa mpaka darini, vumbi la pumba limetanda duka zima. Baba alichungulia chumba cha nyuma akakuta hakuna paka. Akasema mbele ya watu kwamba sasa nimekuwa mtu mzima, nimejua kusikia. Nilifurahi sana. Niliinamisha kichwa.

Dereva wa lori, Bwana Lutengano, alikunywa chai akasimulia. Kwenye mashine ya kukobolea mpunga, Ubaruku, kuna paka wawili. Mmoja kipofu, mwingine ana vidonda vya masikio visivyopona. Mwenye mashine amesema mwezi huu atawatupa mtoni.

Nilimwomba kwa adabu awalete safari ijayo. Akasema paka haingii kwenye gari lake, ni mkosi. Nikamwomba tena. Akacheka akaomba sukari.

Fundi Jailos alisema paka watatu. Lakini chumba kina pembe nne, nimehesabu. Na kuni za Mama Severina zilizomo humo zinaweza kukaa nje, mvua hakuna. Sijamwuliza bado.

Tatizo ni Bwana Lutengano. Yeye ni Mnyakyusa, na Wanyakyusa nimeshaonywa. Lakini jioni hii Mama Severina ameniambia kwamba mama yake Lutengano alizaliwa Songea. Songea! Nimekaa nimefikiri vizuri sana, kama nilivyojifunza. Maana yake nusu yake moja ni mtani wangu, kwa haki kabisa.

Anaondoka kesho asubuhi. Nitamngoja kwenye mlango wa lori. Nusu ya mama yake nitaitukana mpaka ikubali kubeba paka. Ile nusu nyingine nitaiomba radhi kwanza.